Kifuko Alichokificha Mume Wangu Kwenye Aproni

"Unatia nini kwenye sosi yangu?!"

Mume wangu aliruka kama mwizi wa kuku. Mkononi ana kifuko cha plastiki alichokichomoa kwenye aproni, ndani maji meusi meusi... na nusu yake tayari imo kwenye sufuria yangu!

Jamani! Mnaonifahamu mnajua Saithong ni mwanamke wa maneno. Siku hiyo nilikuwa nayo tele.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nina mgahawa wa wali kuku nyuma ya soko, huku Thonburi. Meza sita. Kuku wananing'inia kwenye kabati la kioo, mimi mbele na kisu changu kipana, mume wangu Prayong anapakua wali na supu. Kuku wa kuchemsha Bangkok nzima wapo. Kinachowaleta watu kwangu ni sosi ya soya iliyochachushwa, tangawizi na pilipili, aliyoniachia marehemu mama. Haijaandikwa popote. Naipika jioni, inalala, na naipima kwa ulimi kama alivyoipima yeye. Hiyo sosi ikiharibika, mimi sina mgahawa na sina cha kumkumbukia mama.

Mwezi wa sita niliugua homa, wiki mbili kitandani. Nilipopona, dunia ikaanza kunifanyia vituko.

Kwanza tangawizi. Haina harufu, haina ladha! Nikamvaa muuzaji wangu, Shangazi Buppha.

"Shangazi, siku hizi unaniuzia vijiti?"

"Mwanangu, tangawizi ni ile ile."

"Ile ile ya nani? Au nzuri unawafichia wengine?"

Akatabasamu tu, akaniongezea kipande cha bure. Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Kisha wateja. Mezani huwa naweka vikopo vya sukari, siki na pilipili, kwa desturi tu. Ghafla sukari ikawa inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Nikajua wananiibia, wanaenda nayo maofisini!

"Chakula kiko sawa?" nawauliza.

"Kitamu sana, Dada Saithong!"

Wanacheka nami vizuri kabisa, huku kijiko kimo kwenye sukari.

Halafu mume wangu. Akaanza kutoka alfajiri, eti anafuata barafu. Barafu gani inachukua saa nzima? Na cha ajabu, wiki ile ile aliyoanza safari zake, sukari ikaacha kuibiwa. Nikasema ahaa... kumbe mwizi nalala naye!

Nikamfuata.

Nyie... nikamkuta kwa Jintana!

Jintana ni mjane, ana mgahawa wake wa wali kuku ng'ambo ya mfereji. Zamani aliosha vyombo kwa mama yangu miaka tisa. Mama alipofariki akafungua wa kwake, nami nikamwita mwizi wa mapishi mbele ya soko zima. Hatujasalimiana tangu siku hiyo.

Na huyo mume wangu kakaa kwenye kigoda chake, anakula! Jintana kasimama, anamtazama anavyotafuna. Kisha akamfungia kifuko, akampa kwa mikono miwili. Prayong akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole.

Kuinama kote huko, kama mbele ya mtawa, kwa muuza kuku?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikapiga hesabu zangu: wanaiharibu sosi, mgahawa unakufa, wao wanachukuana. Kesho yake nikajificha nyuma ya magunia ya mchele, na ndipo nikamnasa.

"Saithong, tulia kwanza..."

"Nitulie?! Sumu au dawa ya mapenzi?"

"Ni sosi."

"Sosi ndani ya sosi? Kunywa! Kunywa nikuone!"

Akapiga funda moja. Akalamba midomo. Hakufa.

Kisha akachukua vijiko viwili.

"Hiki nilichota humu kabla sijatia kitu. Hiki ni cha kifuko. Onja, uniambie."

Nikaonja cha kwanza. Maji. Nikaonja cha pili... maji!

"Zote zimepooza. Si nilisema tangawizi ya Buppha ni vijiti?"

Machozi yakamtoka mwanaume.

"Mke wangu, ya kwanza ina chumvi mpaka ulimi unachubuka. Ya pili ndiyo ya mama."

Akanifunulia chungu cha soya, kile kinachonuka mpaka mtaa wa pili. Nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikaingiza pua kabisa, nikavuta tena. Hakuna kitu.

"Tangu homa?" nikauliza.

"Tangu homa."

"Na watu wanajua?"

Akainamisha kichwa.

Mtaa mzima ulijua, jamani! Shangazi Buppha alijua. Wateja walijua. Lakini kwetu huku, kumwambia mpishi usoni kwamba chakula chake kimeharibika ni kumvua nguo sokoni. Wakanionea haya. Wakatabasamu, wakatia sukari, wakala hivyo hivyo ili nisiumie.

"Na Jintana anahusikaje?"

"Ni yeye tu aliyebaki anayeikumbuka ladha ya mama yako. Kila alfajiri nampelekea yako kidogo, anaonja, anatengeneza ya kuirekebisha, ananijaribishia na kuku. Hajaniomba kitu ila kimoja."

"Kipi?"

"Usijue."

Wapendwa, yule niliyemwita mwizi...

Nilivuka mfereji na aproni yangu. Jintana alikuwa anakata matango. Aliponiona, kisu kikasimama.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikamnyooshea bakuli la sosi yangu tu.

"Dada Jintana... nionjee."

Akachovya kidole. Akafumba macho. Akanitazama usoni, mbele ya wateja wake wote.

"Chumvi imezidi, mdogo wangu. Sana."

Miezi mitatu, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli bila kunaswa kwanza. Nikalia pale pale, sikujali nani ananiona.

Daktari anasema ladha huenda ikarudi, huenda isirudi. Kwa sasa kila alfajiri tunavuka wote, mimi na Prayong, na Jintana ndiye ulimi wangu. Buppha nimemwomba radhi. Amekubali, ila tangawizi ya bure amesitisha!

Nanyi mnaosoma, kabla hujamfuata mwenzio kwa kunyata, muulize kwanza kama kuna kitu anaona haya kukuambia. Na akikuambia, usimrukie. Mimi nilikitafuta kikulacho nguoni mwa mume wangu, kumbe kilikuwa mdomoni mwangu.