Selebra Niliyemtunga Mimi

Kila asubuhi mimi ndiye niliyesoma habari mstarini. Sauti yangu ilifika hadi langoni bila kipaza sauti, na shule nzima ikaniita Selebriti. Nikavimba kichwa, sikatai.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza alitaka tuandike neno hilo lilitoka wapi, tukusanye madaftari baada ya mapumziko. Kamusi kubwa ilikuwa maktaba, mlango wa tatu tu, lakini zamu yangu ya kuruka kamba ilikuwa imefika. Wenzangu waliponiuliza, niliwaambia bila kupepesa macho kwamba hapo kale kulikuwa na mwimbaji aliyeitwa Selebra, na wote waliovuma baada yake wakapewa jina lake. Wakaandika haraka haraka.

Miwani, jirani yangu wa dawati, peke yake alikuwa ameenda maktaba. Alisema kwa sauti ndogo kwamba neno lina asili ya Kilatini, na huko lilihusu mahali panapojaa watu. Nikamwuliza kama amesoma kwa macho au kwa pua. Darasa likaangua kicheko, naye akainama.

Kesho yake madaftari yalirudi. Sote tulikuwa na sifuri, na mwalimu alitaka kujua huyo Selebra tumemtoa wapi. Nikachungulia daftari la Miwani. Karatasi ilikuwa imechakaa kwa ufutio, na chini ya uongo wangu maneno yake ya kweli bado yalionekana. Aliyafuta kwa sababu yangu. Uso uliniwaka kwa aibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikasimama. Sauti ya mstarini ilinikimbia.

"Mwalimu, nilitunga mimi. Miwani alipatia, nikamcheka mpaka akafuta."

Mwalimu alilielekeza daftari dirishani, akasoma yaliyofutwa, akambadilishia Miwani alama. Akaniagiza niyasome mstarini kesho yake, na nimtaje aliyeyatafuta. Nilimwomba Miwani radhi machozi yakinilenga. Alisogea kidogo dawatini nikakaa.

Mwalimu alingoja nitulie.

"Binti yangu," akasema, "mwenzako akikosea, anakosea peke yake. Wewe watu wamezoea kukusikiliza, kwa hiyo uongo wako nao unafika hadi langoni. Hakikisha kwanza, ndipo ufungue mdomo."