Maiki Mbili za Seremala

Kila Jumapili alasiri seremala alioga, akavaa shati safi na hedifoni zenye maiki, akakaa mbele ya kompyuta kusubiri simu ya binti yake. Binti huyo alikuwa muuguzi nchi ya mbali. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hajatia mguu nyumbani. Mama yake alikwishafariki, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya wiki nzima.

Siku moja binti alisema ameanza kusahau uso wa baba yake. Seremala akanunua kamera iliyokwishatumika, akaichomeka kwenye kompyuta. Jumapili hiyo binti alimwona, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baba alipoanza kuzungumza, kicheko kikakatika.

"Baba, naona midomo tu. Sauti siisikii."

Seremala alipaza sauti mpaka majirani wakachungulia. Wapi! Yeye alimsikia mwanawe vizuri, lakini mwanawe hakuambulia hata neno. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Wakabaki kupungiana mikono. Kutwa seremala alipiga randa huku moyo uko kwingine. Maneno yalimjaa kifuani, yakakosa pa kutokea.

Mwishowe alimpelekea jirani yake, fundi wa kompyuta, habari kwamba hedifoni zake zimekufa na anataka kuzitupa. Fundi alimwambia asubiri kwanza. Akaja, akafungua mipangilio ya sauti. Palikuwa na majina mawili: "Maiki ya USB" na "Maiki ya USB 2".

"Kifaa ukikichomeka, hujitambulisha kwa kompyuta," fundi alisema. "Husema ni cha aina gani na kimetengenezwa na nani. Kompyuta hukipa jina. Majina yakifanana, huongeza namba. Kamera yako nayo ina maiki ndani, na kompyuta inasikiliza hiyo. Bahati mbaya ni mbovu."

"Sasa nitajuaje ipi ni ipi?"

Fundi alimwambia achomoe kamera, atazame. Jina lenye namba mbili likatoweka. Alipoirudisha, likarudi. Basi lile la kwanza ni la hedifoni. Seremala akalichagua mwenyewe, kisha fundi akamwonyesha namna ya kulibadilisha. Seremala akaandika polepole, kwa kidole kimoja: "Hedifoni ya Baba".

Jumapili ikafika. Uso wa binti ukatokea.

"Haya Baba, jaribu kusema."

Seremala alikuwa na habari za wiki tatu: kabati alilouza, paa linalovuja, jirani aliyeoa. Zote zikampotea.

"Nimekukumbuka sana, mwanangu."

Binti akajifuta macho kwa mkono wa sare yake.

"Nimesikia, Baba. Sema tena."