Nguo za Pasaka za Vernell

Kila Jumamosi asubuhi Domina na mama yake walipanda treni kutoka Columbia Heights, mjini Washington, hadi Hyattsville. Huko, katika ukumbi wa kanisa, Mwalimu Njuguna aliwafundisha Kiswahili watoto wa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Kwa kawaida Mama alisinzia njia nzima, maana alitoka moja kwa moja kazini, alikouguza wazee.

Jumamosi hii hakusinzia. Pembeni yake aliketi Bibi Earlene, jirani yao, Mmarekani mweusi mwenye miaka karibu sabini, aliyealikwa darasani.

"Hukurudi, mwanangu," Bibi alimwambia Domina kwa Kiingereza. "Hatukufika mwisho wa habari."

"Nimeshamaliza, Bibi."

"Umemalizaje?"

Domina aligeukia dirishani. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumamosi iliyotangulia Mwalimu alikuwa amewaagiza wamhoji mzee aliyeishi Washington wakati wa misukosuko ya zamani, waandike habari yake kwa Kiswahili, na wamwalike darasani. Jumatatu Domina alikwenda kwa Bibi Earlene. Bibi akaanza: mwaka 1968, Martin Luther King alipouawa, watu walijaa uchungu na hasira, na maduka ya Mtaa wa Kumi na Nne yakachomwa. "Dada yangu Vernell alikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona kwa macho yangu akiingia kwenye duka la dobi, akatoka amebeba magauni..." Bibi akanyamaza, akavua miwani. Nje rafiki zake Domina wakamwita. "Nimeelewa, Bibi, asante!" alisema, akatoka mbio.

Hakurudi. Mwisho aliutunga mwenyewe.

Darasani Mwalimu akamwita wa kwanza. Domina alisoma haraka bila kuinua macho. "Vernell aliiba magauni kumi. Alikimbia nayo mpaka nyumbani, akawa anavaa jipya kila siku."

"Magauni kumi!" Mahoro, mmoja wa wanafunzi, alipiga kelele. "Ningekuwepo, ningemchukulia mama yangu mawili!"

"Weye ungechukua la kwako!" mwenzake Goretti akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Bibi Earlene hakujua Kiswahili. Lakini jina la dada yake alilisikia, na kicheko alikisikia.

"Domina," aliuliza polepole, "umesema nini juu ya Vernell?"

Kicheko kikakatika. Domina angeweza kusema lolote, na Bibi angeamini. Alimtazama Mama, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Alimtazama Mwalimu, aliyekuwa akingoja jibu lake.

"Nimesema aliiba," alijibu kwa Kiingereza. "Sikujua. Nilijitungia, Bibi."

Bibi Earlene alishika ukingo wa meza.

"Vernell alifanya kazi katika duka lile," alisema. "Ilibaki wiki moja kufika Pasaka. Jirani zetu walikuwa na nguo moja moja nzuri, na zote zilikuwa kwa dobi. Moto ulipoanza, aliingia akazitoa. Akaingia tena, akazitoa. Mara ya tatu paa likaanguka. Walimkuta amekumbatia nguo za watu, na watu wakasema amekufa akiiba. Mama yetu alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia binti yake hakuwa mwizi. Alikufa bado akiwaambia."

Mwalimu Njuguna aliyafasiri maneno yale kwa Kiswahili, polepole, ili hata wadogo waelewe. Mahoro aliinuka, akaenda mbele ya Bibi, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiingereza: "Pole, Bibi. Tusamehe."

Domina alilia. Hakuna aliyekwenda kumbembeleza.

"Futa machozi," Mwalimu alimwambia. "Bibi anakungoja."

Domina aliichana ile karatasi, akachukua nyingine, akaketi karibu na Bibi. Safari hii aliuliza, akangoja. Bibi aliponyamaza, naye alinyamaza. Aliuliza jina la dobi, rangi ya nguo, na jinsi jina la Vernell linavyoandikwa. Saa nzima ilipita.

Kisha alisimama akasoma upya, sentensi moja kwa Kiswahili, moja kwa Kiingereza. Hakuna aliyecheka. Bibi Earlene hakutabasamu, wala hakumkumbatia. Aliitikia kwa kichwa, mara moja tu. "Sasa ndiyo habari yake," alisema.

Mwalimu akaichukua karatasi, akaibandika ukutani.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Nchi hii imepita katika moto mwingi, kama nchi zetu tulikotoka. Vitabu hutaja wakubwa. Mtu wa kawaida hubaki midomoni mwa majirani tu, na akishakufa hawezi kujitetea. Ukiwa mvivu wa kumsikiliza hadi mwisho, usithubutu kumwandika. Ukimwandika uongo, unamuua mara ya pili."