Pumzi ya Boksi la Besi

Kikaratasi kilichobandikwa mbele ya boksi jipya kilitikisika, na waya za spika zilikuwa mezani, hazijaunganishwa na kitu chochote.

Fundi alikitazama akasema ni upepo. Upepo gani, na madirisha yamefungwa? Lakini bwana huyu hakuwa mtu wa kujiuliza maswali. Mtaa mzima ulimwita Besi, na jina lilikuwa limempanda kichwani. Akiona spika ya fundi mwingine, huigonga kwa kidole, akabenua mdomo na kusema, "Hili si boksi. Hili kabati." Hajawahi kusifu kazi ya mtu, hata chakula cha mkewe alikila kama anamfanyia hisani.

Boksi hili alilitengenezea sebule yake mwenyewe, mafundi wenzake waje waone wanyamaze. Mbao nene, gundi kila kona, na mbele tundu lenye bomba la kupumulia, maana bomba ndilo linaloipa besi uzito: likirefushwa sauti hushuka, likifupishwa hupanda. Kuitafuta sauti hiyo, fundi hupiga mlio mmoja mmoja huku kikaratasi kimebandikwa kwenye ukingo wa bomba. Pale spika yenyewe inapokaribia kutulia tuli na bomba likapuliza kwa nguvu, ndipo penyewe.

Besi alitaka kwanza kuisikia kwa mdomo, kama mtu anavyopuliza chupa tupu. Kifua chake kilikuwa kimeliwa na vumbi la mbao, kila akipuliza anakohoa. Akamwita binti yake wa darasa la kwanza. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, akamwambia kwa upole asimpe mtoto kupuliza shimo lenye giza, maana hajui nani anapokea. Besi akacheka. Akasema watu waliokosa elimu wamepewa majini wajifariji nayo. Na huyo ni mkwe wake, jamani! Mwenye haya angemeza mate tu.

Mtoto akapuliza. Bomba likaitika kwa sauti nzito, na mtoto alipoacha, sauti ikaendelea kidogo. Besi akafurahi, akasema hiyo ndiyo kazi ya mikono yake.

Ndipo siku ya pili yake kikaratasi kikaanza kutikisika. Sebule nayo ikaanza kunuka, si gundi wala mbao, ila harufu ya kinywa kisichosukutuliwa. Mkewe alipiga deki na kufungua madirisha, harufu ikabaki palepale mbele ya bomba. Alasiri mama mkwe alikaa sebuleni akimsuka mjukuu wake, na mikono yake ikasita, maana aliona kikaratasi kikisukumwa nje mtoto anavuta pumzi, kikinyonywa ndani mtoto anaitoa, tena na tena, bila kupishana hata kidogo, na mtoto mwenyewe hana habari, anachezea kitana.

"Baba," mama mkwe alimnong'oneza Besi, "njoo umtazame mwanao."

Besi akaja, akaona, na badala ya kuogopa akachukia, kwamba kitu chochote kithubutu kulitumia boksi lake bila ruhusa yake, akakamata taulo, akalikunja, akalishindilia ndani ya bomba kwa ngumi huku akitukana, na nyuma yake kitana kikaanguka, mtoto kashika shingo, midomo imekuwa rangi ya jivu, macho yamemtoka na hakuna sauti, na mkewe akaja mbio kutoka jikoni akampiga mumewe kikumbo akalichomoa lile taulo kwa kucha na meno. Mtoto akavuta pumzi. Kikaratasi kikasukumwa nje.

Mganga aliitwa jua halijatua. Aliamuru mtoto alazwe chumbani na mlango uachwe wazi, akatega sikio kwenye bomba, akarudi nyuma akipangusa shavu.

"Umempa aliyemo humu pumzi ya mwanao aipime," alimwambia Besi taratibu. "Ameipenda. Mwombe achukue yako."

Besi hakuwahi kumwomba mtu kitu. Siku hiyo alipiga magoti. Alipuliza ndani ya bomba mpaka machozi yakamtoka, akakohoa, akapuliza tena.

"Chukua yangu," alisema. "Niachie mtoto wangu, nakuomba."

Kikaratasi kikatulia. Kisha Besi akahisi kitu kinamgonga kifuani, ubavu mmoja baada ya mwingine, kama kidole kinavyogonga mbao. Sauti ikatoka bombani, nzito, haina haraka.

"Hiki si kifua. Hiki kabati."

Kikaratasi kikasukumwa nje, na kule chumbani mtoto akavuta pumzi.

Mganga alifunga mkoba wake. Alisema boksi lisivunjwe, lisichomwe, na zaidi ya yote lisizibwe, akaondoka bila kuaga.

Basi boksi liko pale sebuleni mpaka leo. Na mafundi wenzake wakija, humkuta yule fundi mkubwa amechuchumaa mbele ya bomba na brashi mkononi, anafukuza mende na kutoa utando wa buibui, akihema polepole ili asimkatize mwanawe.