Charifa na Ubao wa Choo

Kila baada ya chakula cha mchana, Bibi Zaïtoun alimimina maji juu ya ukoko wa wali uliobaki sufuriani, akayachemsha mpaka yakageuka rangi ya asali na kunukia. Watu wa Mahajanga huyaita ranovola, na nyumba nyingi hunywa hayo badala ya maji ya mtungini. Bibi alimjazia kila mtu kikombe, halafu akatega kitendawili. Kwake yeye, mlo usio na kitendawili ulikuwa kama mchuzi usio na chumvi.

Mjukuu wake Charifa, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa na wiki tatu tu hapo mtaani Mahabibo. Alitoka Andoany, kisiwani Nosy Be, kuja kusoma. Nchi ilikuwa na miaka mitatu ya uhuru, na shuleni kila asubuhi waliimba wimbo mpya wa taifa. Charifa aliupenda. Siku hizi lakini aliuimba kwa sauti ndogo, maana akivuta pumzi tumbo lilimbana.

Mchana huo alipokea kikombe kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Bibi alipogeuka kufunika sufuria, Charifa akakimwaga chote kwenye shina la mpapai. Kuku wakaja mbio. Walikwishazoea.

Sababu yake ilikuwa moja. Ukinywa, utakwenda chooni. Na choo ndicho alichokiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Choo cha uani, kilichotumiwa pia na majirani, kilikuwa cha mbao zilizolazwa juu ya shimo refu. Wiki iliyopita, siku ya Jumamosi, Charifa alikanyaga ubao wa tatu, nao ukalia *kwaa!* Mguu wake ukazama hadi gotini. Kandambili ikaanguka gizani, na kimya kikapita kabla hajaisikia ikigota chini. Alijivuta nje kwa mikono. Hayrat, binti wa jirani waliyesoma naye darasa moja, alimwona akirudi na mguu mmoja mtupu.

"Mtu wa Nosy Be, umekitupia choo kiatu?" Hayrat alicheka. "Kwenu hamna choo?"

Tangu siku hiyo Charifa hakumwambia mtu neno. Cha shuleni nacho kilikuwa cha mbao, hakukigusa. Alikula wali mkavu, akaiacha mboga ya mlonge ukingoni mwa sahani, na haja ilipomwita aliuma meno mpaka ikapita. Siku ya kwanza ilipita upesi. Siku ya tatu haikumwita tena, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Je, kilichomo ndani kimekwenda wapi?

"Kitendawili!" alisema Bibi.

"Tega!" akaitikia Hayrat, aliyekuwa amekuja kuazima kinu.

"Nyumba yangu haina dirisha. Mizigo huingia kila siku. Isipotoka, mwenye nyumba hapati usingizi."

"Ghala!"

"La. Charifa, mwanangu?"

Charifa alilijua jibu. Lilikuwa pale chini ya kanga yake, gumu kama jiwe. Aliona kama Bibi analitazama. "Sijui, Bibi," alisema.

Kesho yake, Alhamisi, alipokuwa akiandika ubaoni, tumbo lilimkata kama kisu. Chaki ikamponyoka. Hayrat ndiye aliyemshika mkono mpaka nyumbani, na njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja.

Bibi alikwishashika chupa ya mafuta ya mbarika, dawa ya kuharisha, amnyweshe. Alipoona jasho usoni mwa mtoto akairudisha mahali pake. "Hili silijui," alisema. "Twende zahanati."

Muuguzi Mchangama alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimlaza Charifa kitandani, akalibonyeza tumbo. Charifa akalia.

"Mara ya mwisho ulikwenda choo kikubwa lini?"

Hayrat alikuwa amesimama mlangoni. Charifa alimwona, akaona aibu.

"Leo asubuhi," alisema.

Muuguzi akakunja uso. Akabonyeza tena, akamvuta Bibi pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na maneno yalisikika. "Mama, kama amepata choo leo na bado tumbo ni gumu namna hii, nachelea kuna jambo jingine. Itabidi aende hospitali kubwa. Huenda wakampasua."

Charifa alihisi kitanda kinazama chini yake, kama ule ubao. Aliwaza kisu. Aliwaza mama yake kule Andoany, asiyejua lolote. Kisha akaziona tasbihi za Bibi: zilikuwa zikitikisika mkononi, na Bibi hakuwa anahesabu uradi. Hakuwa amewahi kumwona Bibi akiogopa.

"Nimesema uongo!" alipiga kelele. "Si leo! Ni tangu Jumamosi! Ubao ulivunjika, naogopa kutumbukia, na maji nawamwagia kuku!"

Charifa alingoja kicheko cha Hayrat.

"Hata mimi naogopa," alisema Hayrat polepole. "Ule ubao wa tatu nauruka. Nashikilia ukuta kwa mikono miwili."

Muuguzi hakucheka. Alimpima tena kwa makini zaidi, akamtia dawa ya kulainisha, akamnywesha maji vikombe viwili. Choo cha pale kilikuwa cha saruji. Bibi alisimama nje ya mlango, akiimba taratibu ili Charifa ajue kwamba yupo. Alasiri ilipofika, tumbo lilikuwa limelegea, na Charifa akaomba ndizi.

"Vema hukumpa yale mafuta, Mama," alisema muuguzi. "Tumbo linalouma kwa sababu usiyoijua halinyweshwi dawa kali. Na wewe, binti, nilikaribia kukupeleka kwenye kisu kwa neno lako moja."

Nyumbani, Mjomba Saindou, aliyepata habari kwa Hayrat, alikuwa uani, msumeno mkononi. Yeye ni fundi seremala, Bibi alikwishamwambia habari za ubao, naye kila mara alijibu, "Kesho." Sasa hakuweza kumtazama mpwa wake machoni. Aling'oa mbao zote, akapiga mpya, kisha akaingia na kurukaruka juu yake mpaka kuku wakatawanyika. "Zikinibeba mimi na kitambi changu," alisema, "zitakubeba wewe na madaftari yako. Nisamehe, mwanangu."

Baada ya chakula cha jioni Bibi alimimina ranovola.

"Kitendawili cha jana bado hakijateguliwa," alisema.

"Ni tumbo, Bibi."

"Ndilo. Tumbo ni jiko la mwili mzima. Likiziba, kichwa huuma, miguu huchoka, hata somo haliingii. Lipe maji, mboga na matunda, na likikuita liitikie. Lakini sikiliza, mwanangu: mganga hana macho ya kuona ndani yako. Macho yake ni maneno yako. Ukimdanganya, umempofusha, na kipofu mwenye kisu ni hatari. Na sisi wakubwa, mtoto asipothubutu kusema, tujiulize tulisema 'kesho' mara ngapi."

Mjomba Saindou akakohoa.

Chini ya mpapai kuku walikuwa wamejipanga, shingo juu, wakingoja. Charifa alikinywa kikombe chake mpaka tone la mwisho, akamnyooshea Bibi.

"Niongeze, Bibi."