Pingamizi la Chiriku

Kila jioni baada ya masomo, Chiriku aliingia dukani kwa shangazi yake kuokota pini. Aliburuta sakafuni sumaku iliyofungwa uzi, huku akisimulia ya shuleni: nani kasahau sare, nani kasinzia darasani. Jina hilo alipewa na wateja, maana mdomo wake haukujua likizo. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilitazamana na ofisi ya msajili wa ndoa. Maharusi walikuja mbiombio kupunguziwa pindo dakika za mwisho.

Safari hii bi harusi alikuwa shangazi mwenyewe. Mchumba wake alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, mtu mpole mwenye unga hata kwenye nyusi. Walikuwa wameshaomba kibali cha ndoa. Tangazo lao likabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, ili mwenye pingamizi ajitokeze kabla kibali hakijatolewa.

Tangu mama yake afariki, Chiriku alilelewa na shangazi katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka. Siku moja alimkuta mwokaji akitoka chumbani humo, akikunja tepu ya kupimia na kunong'ona na shangazi. Walipomwona wakanyamaza. Chiriku akaamini kwamba vyombo vya shangazi vinapimwa ili vihamishwe, na yeye atabaki peke yake. Hakuuliza. Jioni hiyo hakusimulia lolote, na pini zikabaki sakafuni.

Kesho yake alivuka barabara, akalisoma tangazo neno kwa neno, kisha akaingia kwa msajili, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akasema ana pingamizi: mwokaji ana mke mji mwingine. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba amemwona huyo mke kwa macho yake. Msajili aliyaandika maneno yake daftarini. Hakumwamini sana, lakini jambo kama hilo halipuuzwi. Akasimamisha kibali mpaka wahusika wafike kujieleza.

Shangazi alipopata habari hakuambiwa aliyesema ni nani. Alilishusha gauni lake lililoning'inia ukutani, akalikunja, akalizika kabatini chini ya vitambaa vya wateja. Kisha akaketi mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Mwokaji alikuja na aproni yake, akaapa kwamba hana mke popote. Shangazi akasema anamwamini, lakini hakumtazama.

Chiriku aliona midomo ya shangazi ikitetemeka. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshafika mwisho wake.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Hana mke. Nilitunga. Niliona anapima vyombo vyako, nikaogopa utahama uniache."

Mwokaji akaketi polepole kwenye kiti cha wateja. "Nilikuwa napima kitanda chako, binti yangu," alisema. "Chumba chako kule kwangu ni chembamba, nikataka kujua kama kitanda kitaenea humo. Tulitaka kukushtukiza."

Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamshika. Shangazi naye alilia, kisha akamfuta kamasi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Asubuhi wote watatu walivuka barabara. Hakuna aliyemsukuma Chiriku. Alisimama mbele ya meza na kusema mwenyewe kwamba alidanganya, akaomba radhi. Msajili alivaa miwani, akatia saini kibali, kisha akamwuliza kama ana pingamizi lingine.

"Liko moja," Chiriku alisema. "Gauni limekunjamana. Lazima lipigwe pasi kwanza."

Msajili alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Waliporudi dukani, shangazi alilitandaza gauni mezani na kumvuta Chiriku karibu.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Ungeniletea hofu yako kama ilivyo, ningekujibu siku ileile. Ulipoivisha uongo, ilituumiza sote, na wewe haikukuponya. Ukiwa na la kusema, niambie mimi, hata kama linauma. Na sisi hatutanong'ona tena."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Halafu akachukua sumaku yake, akaanza kusimulia, na hakunyamaza mpaka pasi ilipopoa.