Taruma la Bettina

Usukani ulikatika kwa mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjwa na mtu anayewaza mambo mengine. Zelmena Compton aliujua kwa viganja kabla ya masikio. Mpini aliokuwa ameukumbatia ulikuwa mwepesi ghafla, ukazunguka bila kazi, na mashua yake Adeline ikaligeuzia wimbi ubavu.

"Shusha tanga," alisema.

Mjomba wake Uthan alikuwa tayari ameshika kamba. Tanga kuu lilianguka kwa kishindo, na mashua ikaacha kuinama. Nyuma yao vilima vya kisiwa cha Union vilikuwa bado vinaonekana. Mbele, Carriacou kwao ilikuwa karibu kiasi kwamba Zelmena aliyaona mabati mapya ya kanisa yaking'aa. Lakini mkondo wa mlango ule wa bahari haujali ukaribu wa mtu na kwao. Unakwenda magharibi, na magharibi ya hapo hakuna kitu ila bahari.

Bi Benedicta, mwoka mikate wa Union, alikuwa ameketi sakafuni akiegemea gunia la mihogo, mguu wa kushoto umefungwa shuka. Bati lililorushwa na kimbunga cha majuzi lilimpasua muundi, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Kisiwani kwake zahanati haikuwa na paa wala dawa, na boti za injini zilikuwa zimevunjika au zimekauka mafuta. Hospitali iliyobaki ilikuwa ya Carriacou, na chombo kilichoweza kumfikisha kilikuwa Adeline. Redio ilisema kimbunga Vashti kingepita mbali, tena kesho. Zelmena akatweka tanga asubuhi kumfuata. Vashti hakuwa amesikiliza redio.

"Sasa tunakwenda wapi, nahodha?" Bi Benedicta aliuliza.

"Hospitali, mama."

"Mbona hospitali inarudi nyuma?"

Uthan alicheka peke yake. Kisha aliteremka, akapiga magoti ubavuni mwa kushoto, akaweka kiganja juu ya taruma moja jeupe, ubavu wa mti unaoshikilia mbao za mashua, lililokuwa bado halijashika rangi ya mengine.

Zelmena alijua anachotafuta. Alikaza meno.

Mwaka ule bahari ilikuwa imetotoa vimbunga kama kuku. Abner aliufungua msimu mwezi wa sita, mvua tupu, watu wakamcheka. Bettina hakuchekwa na mtu. Alipita juu ya Windward, kijiji cha waunda mashua, akaacha kilima bila jani, na ndani ya mikoko ambako vyombo vyote hufichwa akaibana Adeline kati ya vyombo viwili hadi ubavu ukabonyea. Corwin na Delphine walikwenda kuwasumbua wengine kaskazini. Efrem alikuja, akapita, akageuka kama mtu aliyesahau kofia, akaiburuta Adeline juu ya mwamba na kuivunja mlingoti. Asubuhi yake akaacha ufukweni mlingoti wa chombo cha kitajiri ambacho chenyewe hakikuonekana. Lorna alichana matanga. Katikati kulikuwa na wengine ambao hata wazee waliyachanganya majina yao, mpaka orodha ikafika herufi ya V na watangazaji wakawa wanayatamka kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wadeni.

Zelmena hakukaa kulia. Mlingoti alioutupa Efrem aliusimamisha ndani ya Adeline. Tanga la mbele alilishona kwa maturubai ya buluu ya msaada. Na mwerezi mkubwa ulioangushwa na Bettina nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake aliupasua, akauchonga taruma.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Windward mti wa mashua hukatwa mwezi ukiwa giza. Ukikatwa kwenye mbalamwezi, husema, utomvu uko juu, fukusi wala-mbao wataingia, mbao itapindika na kufungua njia ya maji. Bettina alikuja usiku wa mwezi mpevu. Uthan, fundi aliyeunda nusu ya vyombo vya kisiwa, alikataa kuugusa mti ule hata kwa ncha ya tezo yake ya kuchongea.

"Mti ule haukukatwa," alisema mbele ya watu. "Uliuawa."

"Basi mimi nitauzika ndani ya mashua yangu," Zelmena alimjibu, akalipigilia taruma mwenyewe. Na asubuhi hii mjomba alipopanda chomboni bila kualikwa, alisema tu, "Nimekuja kuogelea na wewe."

Upepo wa kaskazini ulifika kabla ya saa ya chakula. Mbingu ilishuka ikawa rangi ya risasi, vilele vya mawimbi vikakatwa na kurushwa usoni kama mchanga. Zelmena alifunga kamba ndefu kwenye gunia la mihogo na nanga, akaviacha vikokotwe majini upande wa omo, mbele ya chombo, ili mashua ielekeze uso kwenye mawimbi. Mihogo ikaenda zake.

"Chakula cha jioni hicho," Bi Benedicta alisema.

"Kinatushikilia kichwa, mama."

"Mimi sijalalamika. Nasema kwaheri."

Kisha hakukuwa na nafasi ya maneno. Adeline alipanda, akaning'inia, akaanguka ndani ya shimo la maji na mbao zote zikalia. Zelmena alifua maji, akiyateka kwa ndoo na kuyamwaga baharini, mpaka mabega yakaacha kuwa yake. Bi Benedicta, aliyefungwa kiunoni kwenye nguzo ya mlingoti, alifua kwa sufuria. Uthan alifua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukuondoka kwenye taruma la Bettina. Kila mashua ilipoanguka alilipapasa kama mganga anayepima mapigo, akingoja lifunguke.

Maji yalipita vifundo, yakafika katikati ya muundi. Zelmena alifua zaidi. Yakaongezeka zaidi.

"Mjomba, linavuja?"

"Bado."

"Sasa yanatoka wapi?"

"Nakuambia bado. Likianza utajua."

"Mzee," Bi Benedicta alisema, "hayo maji yananijia mgongoni. Nyuma yangu hapa, upande wa kulia. Ya baridi. Nimekaa kwenye mfereji tangu zamani, nikadhani ndivyo mashua zenu zilivyo."

Uthan aliganda. Alikuwa ameulinda mlango mmoja siku nzima, na mwizi ameingia kwa mwingine. Alitambaa, akang'oa ubao wa sakafu, akaingiza mkono chini ya maji. Zelmena aliuona uso wake ukibadilika. Pale palikuwa na ubao wa zamani, wa mwerezi uliokatwa mwezi giza, uliopigiliwa na Uthan mwenyewe Zelmena akiwa bado hajui kutembea. Mwamba wa Efrem ulikuwa umeulegeza kwa ndani, na hakuna aliyeukagua, kwa sababu nani angeukagua ubao wa Uthan?

Alivua shati, akalipasua vipande.

"Nipe mpini wa usukani," alisema.

Alichonga kabari kwa kisu, akisali au akitukana, Zelmena hakusikia vizuri. Akafunga vitambaa kuizunguka, akaigongomea kwenye ufa kwa kisigino cha shoka. Mkondo ukawa tone. Alikaa ndani ya maji, kifua wazi, mzee mwenye mbavu za kuhesabika, akatazama ng'ambo kwenye taruma jeupe lililokuwa limesimama kavu juu ya mstari wa maji.

"Fua," Zelmena alimwambia, kwa upole kuliko alivyokusudia.

Wakafua mpaka kukapambazuka.

Mapambazuko hayakuleta kisiwa. Kila upande ulikuwa maji ya kijivu yanayotembea. Dumu la maji ya kunywa lilikuwa limebaki robo. Zelmena alimpa kila mmoja kifuniko kimoja. Kisha akaufungua mguu wa Bi Benedicta. Nyama ilikuwa nyekundu mpaka karibu na goti, na joto lake lilisikika kabla ya kugusa.

Uthan alitoa chupa ya ramu kali ya kwao, ile ambayo ukitia barafu inazama. Kwanza alimimina tone baharini.

"Kwa wazee waliotangulia."

"Wazee wamekunywa," Bi Benedicta alisema. "Leta huku, kabla hawajaomba tena."

Zelmena aliosha kidonda. Mwoka mikate alishika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya chini sana, "Carriacou. Ramu yenu mbaya kama tabia zenu." Jasho lilipokauka aliuliza, "Nina muda gani, mwanangu?"

"Tutafika."

"Sikuuliza hilo."

Homa ilikuwa tayari machoni mwa yule mama.

"Tutweke sasa," Uthan alisema. "Nyumbani ni mashariki. Tuukate upepo kwa ubavu."

"Kwa mlingoti wa kuokota, bila usukani, upepo huu wa kaskazini? Utavunjika kabla ya adhuhuri."

"Mguu wa mtu unaoza, Zelmena."

"Nauona mjomba. Ninao mapajani." Alifunga fundo la mwisho la shuka. "Sikiliza. Bettina hatumhesabu, alitukanyaga. Efrem alipita kaskazini yetu. Upepo ulitoka wapi kwanza?"

"Kaskazini."

"Halafu?"

Mzee alisita. "Magharibi. Halafu kusini magharibi."

"Lorna?"

"Vilevile."

"Na yule mwingine aliyelaza migomba ya jirani yetu Zepherine, aliilaza ikielekea wapi?"

"Baharini kwetu. Mashariki." Uthan alilitazama wingu la Vashti. Lilikuwa linateleza kuelekea machweo, zito, upande wa kaskazini.

"Mwaka mzima wametupiga," Zelmena alisema. "Mimi nilikuwa natazama mkono unaopiga unatokea wapi. Vashti ametuleta huku. Na Vashti ataturudisha. Tukingoja na mlingoti wetu mzima."

"Na upepo usipogeuka?"

"Basi utaogelea nami, kama ulivyoahidi."

Ndicho kitu kigumu zaidi walichofanya katika safari ile, kungoja. Walifua maji, wakangoja. Zelmena alifunga kasia refu nyuma ya mashua, akapigilia kipande cha ubao wa sakafu kwenye bapa lake, likawa usukani. Bi Benedicta aliacha kutania, na kimya chake kilimtisha Zelmena kuliko mawimbi. Mara moja mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kamba ya tanga. Aliurudisha, akaukalia.

Uthan ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Alilowesha kidole, akakisimamisha.

"Kaskazini magharibi," alisema. Baadaye kidogo, "Magharibi." Halafu alisimama wima, mzee yule, akapanua mikono na kuuelekezea upepo mgongo wake mtupu. "Binti, umegeuka. Tweka."

Walilitweka tanga la mbele, maturubai ya buluu yenye mshono wa kila rangi ya uzi uliopatikana Windward. Likajaa kwa mshindo. Mlingoti wa Efrem uliinama, ukalia, ukakaa. Waliivuta nanga ndani, na Adeline akainua omo, akakimbia.

Alikimbia mchana wote, mawimbi yakimsukuma kwa nyuma kama umati unaompeleka bibi harusi. Kila mara wimbi lilipoipinda mashua, Zelmena aliona taruma la Bettina likikaza, likilegea, likikaza, pamoja na mataruma mengine, na hakuna aliyeweza kusema lipi lilikatwa gizani na lipi kwenye mbalamwezi. Jioni ndege wa baharini waliwapita juu ya vichwa, shingo zimenyooka, wakienda mashariki kulala. Zelmena aliwafuata. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na wingu moja lisilotembea, na chini ya wingu, kama kisogo cha mtu mkubwa aliyelala, kilima cha Carriacou.

Boti ya injini iliwaona kabla hawajafika kwenye miamba. Ilikuwa ya Lennard, mvuvi wa kisiwa jirani cha Petite Martinique, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Compton," alipaza sauti, "hicho ni chombo au ni kamba ya kuanikia nguo?"

"Una mafuta?"

"Ya kwenda na kurudi."

"Mchukue mama huyu. Hospitali, sasa hivi. Usisimame hata kusalimia."

Walimpitisha Bi Benedicta mikononi, mwepesi na wa moto. Alifumbua macho akamshika Zelmena kidevu.

"Nikipona nitakuokea mkate," alisema. "Wa Union. Mjue mkate ni nini."

Lennard alirusha kamba. "Funga omo, nikukokote."

Zelmena aliitazama ile kamba ilivyolala juu ya mbao zake. Aliiokota, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Utachelewa. Nenda," alisema. "Adeline anajua kwao."

Injini ikanguruma, ikapotea nyuma ya rasi. Zelmena alitoa kombe kubwa la baharini chini ya benchi, akalipuliza. Sauti nene ilikwenda juu ya maji. Kisha Windward ikajibu: kombe moja, halafu jingine, halafu ufukwe mzima ukinguruma. Walikuwa wamesimama mbele ya nyumba zisizo na mapaa, wengine wakipuliza, wengine wakipiga sufuria, wakiliangalia tanga la buluu likiingia kwa upepo wake lenyewe.

Zelmena alisikia mjomba akikohoa nyuma yake. Uthan alikuwa ameketi ubavuni mwa kushoto, kiganja juu ya taruma jeupe. Safari hii hakuwa akilipima.

Watu waliingia majini mpaka viunoni kuwapokea. Mtoto wa dada yake Zelmena alimletea mzee shati. Akalivaa, akafunga vifungo taratibu mpaka cha shingoni, akakitazama kilima kilichovuliwa majani mara nyingi, na miti iliyolala juu yake.

"Ule mwerezi ninaouona pale kwa Zepherine, ulioangushwa na Vashti," aliuliza. "Kuna mtu ameshauchukua?"

"Bado, babu," mtoto alijibu.

"Mwambie asiuchome mkaa," Uthan alisema. "Nileteeni tezo yangu."